Huo Mguu Wako, Awino

Mwanangu Awino,

Usishtuke kukuta karatasi ndani ya kiatu chako. Niliwaza niiweke wapi. Sandukuni ungeikuta ukiwa umeshafika mbali, na mimi nataka uisome kesho asubuhi kabla hatujatoka. Kiatu cha kukimbilia najua hutakisahau. Unaweza kusahau kuniaga mimi, lakini kiatu, hapana.

Umekwenda kwa dani yako kumuaga, na namjua mama yangu, hatakuachilia mpaka ule mara mbili na kufungiwa chakula kingine cha njiani. Jua bado liko juu ya mabati ya jirani. Nimekaa nje ya jikoni kwenye kigoda cha mama yako, karatasi nimeiweka juu ya sinia nililoligeuza, naandika. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kijaluo ni cha kuongea, na tukiongea huwa unanishinda. Unasema tu, "Baba, wacha," nami naacha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sitakuambia habari za sabuni wala blanketi wala marafiki wa kuchagua. Shangazi zako wamekuambia hayo mpaka nikakuhurumia. Mimi nina jambo moja tu, na hata hilo silielewi vizuri. Ni huo mguu wako.

Jana nilikuja nyuma ya zizi kutafuta kamba ya ndama, nikakukuta umekaa chini. Umekunja suruali, umeweka chupa ya maji ya moto juu ya muundi wa mguu wa kulia, na ncha ya leso umeiuma kwa meno. Ulipoona ni mimi ukaitoa leso mdomoni, ukajaribu kucheka.

"Ni misuli tu, Baba. Imekazana."

"Tangu lini?"

"Si sana. Nakuomba, usiambie mtu. Hata dani. Wakijua niko na shida ya mguu watanirudisha home, na nafasi inapewa mwingine."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi. Nikachukua kamba yangu nikaondoka, na tangu hapo sijui nilikubali kitu gani.

Nikiwa nakama asubuhi nilikuwa upande wa nenda. Nilipomaliza kukama nilikuwa upande wa usiende. Mchana nilikula nikiwa upande wa nenda, nikaosha sahani nikiwa upande mwingine. Ukinisimamisha sasa hivi ukaniuliza, nitakuambia niulize baadaye.

Nilikuwepo Migori siku ile ya kuandikisha askari, mliyokimbizwa. Nilisimama nje ya uzio na wazazi wengine, sote tukijifanya tumepita tu. Wasichana wengi wakaanza kwa fujo, miguu mitupu, vumbi jekundu mpaka kiunoni. Wewe ulibaki nyuma, nikaanza kujisemea moyoni kwamba si vibaya, kuna kazi nyingine. Halafu kwenye mzunguko wa mwisho ukawapita mmoja baada ya mwingine bila hata kuwatazama. Ulipomaliza ulitapika, ukajifuta, ukamnyooshea afande mkono akuandike namba kwa ile kalamu ya wino mzito. Nilipiga kelele mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina kifafa. Na kwa siku kadhaa ulioga ukiwa umeuinua huo mkono juu ili namba isifutike. Sijawahi kukuona ukitunza kitu namna hiyo.

Kwa hiyo sichezi na safari yako. Najua kwamba mkifika chuo cha askari mtavuliwa viatu na kupimwa, na anayechechemea anarudi na sanduku lake. Najua pia kwamba unaweza kuuficha mguu siku moja. Wewe ni mtoto wangu, na kuficha umejifunza kwangu.

Babu yako alipofariki hukuwa umezaliwa. Mimi nilikuwa kijana, na sikulia. Dada zangu walijitupa chini, watu wakaimba, mimi nilikuwa nimekauka, kitu kimenikaba hapa chini ya koo. Ikafika ile asubuhi ya tero buru, wanaume wakatoa ng'ombe, matawi mabegani, mikuki na marungu mkononi, tukaondoka mbio kukifukuza kifo mpaka ng'ambo ya mto. Wewe umeziona za siku hizi, vijana wanakimbia na simu wakijipiga picha. Zetu zilikuwa mbio kweli. Nilikimbia nyuma ya fahali mweusi wa babu yako nikipiga kelele bila kujua nasema nini. Kifua kiliwaka moto. Mahali fulani kabla ya mto kile kitu cha kooni kikafunguka, nikalia huku nakimbia, na hakuna aliyejua, maana kila uso ulikuwa umelowa jasho na vumbi. Nilirudi nyumbani nikala ugali sahani nzima, nikalala mchana kweupe. Nilipoamka bado nilikuwa na huzuni, ila ilikuwa huzuni ya mtu mzima wa afya.

Hapo nilijifunza kwamba moyo ukishindwa, miguu inaweza kuusaidia. Hilo ni kweli, ningeapa mbele ya mtu yeyote. Tatizo langu ni kwamba nilidhani ni kweli kila siku.

Kisha nikaingia kazi ya shimo la dhahabu hapa Macalder. Umeniona mara nyingi nikivuta kamba, lakini hujui ilivyokuwa kwa ndani. Pale mdomoni mwa shimo limelazwa gogo lenye mikono miwili ya kuzungusha, na kamba imezungushiwa gogo. Chini yuko mchimbaji, juu wako wawili wa kuzungusha. Mawe yanapanda kwa kamba ile, na mtu naye anapanda kwa kamba ile ile. Mwanzoni mwili wangu ulinikataa. Viganja vilichubuka, mgongo ukagoma kuinama hata kuokota kijiko, nikawa na hasira na kila aliyenisalimia. Halafu siku moja, sikumbuki ipi, mwili ukakubali. Pumzi ikapata mwendo wake, zungusha, pumua, zungusha, pumua, na kichwani kukawa kimya.

Kimya kabisa, nyathina, mwanangu. Mimi ni mtu wa mawazo mengi tangu utoto, dani yako husema ninawaza mpaka kwa niaba ya majirani. Pale kwenye gogo mawazo yalianguka moja moja mpaka likabaki la kamba tu. Jioni nilikula kwa hamu, nikalala usingizi wa kweli, nikaamka nataka tena. Watu wanadhani tulikwenda pale kwa ajili ya dhahabu tu. Dhahabu ilionekana mara moja moja. Ule utulivu ulikuja kila siku.

Mama yako alipotutoka, nilihitaji kukimbiza kitu, na katika boma letu ng'ombe hukimbizwa kwa ajili ya mzee, si kwa ajili ya mke aliyekufa akiwa bado kijana. Matanga hayajaanuliwa, nikachukua shati langu la kazi. Dani yako akasimama mlangoni.

"Udongo ya kaburi haijakauka, na wewe unaenda kuchimba ingine?"

Nilimpita, shati begani. Shimoni wakasema nina nguvu. Nilizungusha zamu yangu na zamu za wengine. Nilirudi hapa nimechoka kiasi cha kulala na tonge mkononi. Wewe ndiye uliyekuwa unanitoa lile tonge na kuninawisha vidole. Nakumbuka maji yalivyokuwa baridi na mikono yako ilivyokuwa midogo. Mara nyingine nilikuwa macho, nikajifanya nimelala, kwa sababu ningefungua macho ningelazimika kukuuliza u hali gani.

Nilidhani nimepona msiba, kumbe nilikuwa nimechoka tu. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo, maana ukiwa ndani yake, kutulia na kuchoka ni kitu kimoja. Vyote vinakulaza. Vyote vinakunyamazisha. Siwezi kukuambia unavitofautisha vipi, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuvitofautisha. Nilikuja kujua kwa kukutazama wewe, uliyekuwa na msiba ule ule na huna kamba ya kuvuta.

Ndipo ukaanza kukimbia. Hakuna aliyekufundisha. Ulitumwa maji asubuhi moja, na baadaye akaja jirani na mtungi wako mtupu.

"Wuon Awino, huyu msichana wako ameacha mtungi kwa barabara akaanza tu mbio. Hakuna mtu anamfukuza. Ni nini?"

Nilitoka kukutafuta, nikakuona unarudi mwenyewe kwa ile njia ya mlimani, unatembea, mikono kiunoni, uso umekunjuka. Ulikuwa na uso wako wa zamani. Uliomba chai na ukanywa vikombe viwili. Nikasema moyoni, hii ni damu yangu. Nilifurahi sana. Na nilifarijika pia kwa namna isiyo nzuri, kwamba sasa sina haja ya kukuuliza lolote, mbio zitakuuliza.

Siwezi kusema mbio zilikudhuru, ningekuwa mwongo. Ulianza kulala usiku. Ulirudia tabia yako ya kubishana nami, jambo ambalo sikujua kwamba nimelikosa. Mwalimu wako aliniambia kwamba siku ambazo umekimbia, akili yako inakaa mahali pamoja, na siku ambazo hukukimbia, unatazama dirisha. Lakini nakumbuka pia lile juma ulilolala na malaria. Siku mbili za kwanza ulikuwa mgonjwa. Baada ya hapo ulikuwa mgonjwa wa kukosa mbio. Uligombana na dani, ukagombana nami, ukamkaripia hata kuku aliyeingia kutafuta makombo. Niliona jambo ndani ya macho yako nikalitambua, kwa sababu nimeshalibeba. Sikusema kitu. Niliogopa ukiniuliza dawa yake, nitakuambia ni ipi?

Sasa habari ya mkono. Unaijua, maana Ochola, mwenzangu wa shimoni, huisimulia kila akija na kuifanya kichekesho. Lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Shimo letu lilikuwa na desturi yake. Mawe yakipanda yanagawanywa mafungu pale pale, na asiyekuwa kwenye kamba siku hiyo hana fungu, hata kama anaumwa, hata kama amefiwa. Haukuwa ukatili. Tulikubaliana sote, maana tungesema mgonjwa apewe, kila mtu angeumwa. Basi hakuna aliyeumwa. Mwenye kikohozi alikwenda kukohoa nyuma ya lundo la mawe. Mwenye mgongo alijifunga leso ya mkewe chini ya shati. Tulikuwa wazima sote, wazima wa kudanganyana, na tulijua, na tulichekeana.

Ganzi yangu ilianza kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole kimoja tu. Nilikisugua, nikakipuuza. Ikapanda kwenye kiganja, ikapanda kwenye kiwiko, mwisho ikafika begani. Nguvu bado nilikuwa nazo, ila nilikuwa siujui mkono wangu uko wapi mpaka niutazame. Nikapata ujanja. Nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikawa nakifunga kiganja changu kwenye mkono wa gogo, nikawaambia wenzangu ni kwa ajili ya malengelenge. Walinisifu kwa ubunifu wangu.

Siku ile Ochola alikuwa anapanda. Mpira ulikatika, na vidole vyangu havikujua kwamba vimeachia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Awino. Sikuhisi chochote. Nilijua kwa kuona gogo linazunguka peke yake na mwenzangu anapiga mayowe. Alilidaka, akalizuia, lakini Ochola alikuwa ameshaanguka mpaka chini ya shimo, na mguu ukavunjika juu ya goti. Tulipomtoa alinitazama kwa mshangao tu, hata hasira hakuwa nayo.

"Omera, kwani ulikuwa umeshika na nini?"

Mpaka leo huniuliza hivyo hivyo kwa utani.

Nilimsindikiza hospitali Homa Bay, nikakaa naye huko. Siku moja nilikuwa nakunywa chai kando ya kitanda chake, kikombe kikaniponyoka. Daktari aliyekuwa anapita, msichana mdogo tu, pengine anakuzidi miaka michache, akasimama.

"Na wewe mzee, hiyo mkono ilianza lini?"

"Hii? Hii ni kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Ochola alicheka mpaka akaumia mguu. Daktari akanipima, akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa huku shingoni kwa miaka ya kuvuta, na kwamba kamba sasa basi. Nikamuuliza kama ningekuja mapema, wakati ni kidole tu, ingekuwaje. Akafikiri kidogo akasema, "Pengine." Hakunilaumu. Alisema tu pengine, na hilo neno limekaa nami kuliko dawa zote alizonipa.

Unakumbuka nilivyokuwa nilipoachishwa kamba. Watu walisema sasa mzee atapumzika. Kupumzika kuliniumiza kuliko kazi. Usiku nilihesabu mabati. Mchana nilichimba shimo la choo kwa mkono mmoja, na choo tulikuwa nacho. Ulinicheka, nami nikakufokea mpaka ukaondoka. Halafu siku moja nilikuwa namfunga ndama, nikamkumbuka mama yako jinsi alivyokuwa akiwaita ndama kwa majina ya shemeji zake, nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza. Miaka ilikuwa imepita. Ulikuja ukakaa kando yangu kwenye samadi. Ulikaa mpaka nikamaliza. Kisha ukainuka, ukafunga kamba za viatu, ukaenda kukimbia.

Nilitaka kukuita urudi. Nilitaka kukuambia, kaa, lia na wewe, nimeona si mbaya. Sikukuita, kwa sababu niliona jinsi unavyoikunjua miguu yako unapoanza, jinsi mabega yanavyoshuka, na nikasema huyu kapata pumziko lake, mimi ni nani wa kumnyang'anya? Bado sijui kama nilifanya vyema.

Basi unaona ugumu wangu. Ningekuwa sijui chochote kuhusu jasho, ningekuambia pumzika, mguu upone, nafasi nyingine itakuja. Lakini najua kinachomngojea mtu kwenye mapumziko. Nikikuzuia, hutabaki hapa na mguu tu. Utabaki na mama yako, na mimi, na hili boma, na hutakuwa na mbio za kukutoa. Na nikikuacha uende, najua pia mpira wa baiskeli ulivyokatika. Huko hutakuwa unakimbia peke yako kwenye njia ya mlimani. Mtakimbia kwa mistari, mmoja akianguka wote wanaadhibiwa. Na baadaye, ukishavaa sare, kutakuwa na mwenzako kwenye upande wa pili wa kamba, ambaye hajui umejifunga na nini.

Jumapili Ochola alipokuja na fimbo yake kukuaga, alikupigia saluti akakuita askari wetu. Ukamrudishia saluti vizuri sana, visigino vikagongana, na wote wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama chini. Uzito wako wote ulikuwa kwenye mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umegusa ardhi kwa ncha tu. Wakati huo sikuelewa nilichokiona.

Kuna kitu kimoja kidogo ninachokijua, nacho nakupa kwa woga, maana mimi si daktari. Uchovu hauna mahali. Ukimuuliza mtu aliyechoka anaumwa wapi, anajipapasa huku na huku, mapaja, kiuno, mabega, mwisho anacheka. Uchovu ukilala nao unaamka haupo. Lakini kile kingine kina mahali pake, na hakihami. Jana uliposema ni misuli, kidole chako kilikuwa kimekaa juu ya mfupa, mahali padogo ambapo punje ya harage ingepafunika. Tulizungumza, ukacheka, ukanibembeleza, na muda wote huo kidole hakikutoka pale. Mdomo wako ulisema misuli. Kidole kilikuwa kinasema vingine.

Pengine nimekosea. Pengine ni misuli kweli, na mimi ni mzee aliyeogopeshwa na mkono wake anayetaka kumwogopesha mtoto. Hilo nalo nimeliwaza. Nimewaza pia kwamba labda sitaki uende tu, na mguu wako umenipa kisingizio, kwa kuwa ukiondoka nitakaa kwenye hiki kigoda na sitasikia viatu vyako vikigonga ardhi asubuhi. Sina hakika. Ningekuwa na hakika nisingeandika, ningesema.

Ahadi yangu sitaivunja. Dani hajui, Ochola hajui, shangazi zako hawajui. Na sitakukataza safari. Wewe si mtoto tena, na mimi nimepoteza haki ya kuuliza mapema, siwezi kuidai leo kwa nguvu. Lakini kesho tunatoka pamoja, na njia mpaka barabarani ni ndefu, nami nimepanga hivi.

Sanduku nitalibeba mimi, bega la kulia, lenye nguvu. Tutatembea polepole, watu watadhani ni uzee wangu, waache wadhani. Upande wa kushoto nitauacha wazi. Kama huo mguu ni misuli, tembea zako, tukifika steji ya Migori nitakupandisha gari la Nairobi, nitakupungia mpaka lipotee, na sitautaja tena mguu maisha yangu yote. Lakini ukiona njiani kwamba ule uchungu bado uko mahali pake pale pale, usiseme kitu, najua hupendi kusema. Niegemee tu. Sitakuuliza swali. Tutakapofika Migori tutapanda gari la Homa Bay, wakaupige picha huo mfupa, nami nitakaa nawe kwenye benchi. Pengine ni kitu kidogo na jioni utapata basi, utawahi. Pengine hutawahi, na namba ile ya mkononi itakuwa imefutika bure, na utanichukia kwa muda. Sitakudanganya kwamba najua. Ukibaki, nitakuuliza kila siku u hali gani, hata ukichoka kujibu. Hilo naliweza sasa.

Nawasikia mbwa, nadhani unarudi. Naona hata kutoka hapa jinsi unavyoingia kwenye lango, unatembea vizuri kabisa, kwa sababu unajua nimekaa nje.

Neno la mwisho, nyathina. Ule mkono wangu wa kushoto hausikii. Mtu akinigusa kidogo sijui kama nimeguswa, nawe ni mtu wa kuegemea kidogo. Kwa hiyo kesho ukiamua kuniegemea, egemea kwa nguvu.

Babako